Mwanga Ukibadili Mwendo Hubadili Njia

Sisi tunaoishi kwenye Ikweta tumezoea kusema kwamba mchana wetu ni saa 12 na usiku wetu ni saa 12. Hata namna yetu ya kutaja saa imekaa juu ya msingi huo: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya. Lakini mtu akikaa Kampala na saa nzuri, akapima tangu ukingo wa juu wa jua unapotokeza asubuhi mpaka ukingo huohuo unapopotea jioni, atapata saa 12 na dakika sita au saba. Itakuwa hivyo Januari, itakuwa hivyo Julai. Dakika mbili hivi kati ya hizo zinatokana na kipimo chenyewe, kwa kuwa tumehesabu ukingo wa juu wa jua na si kitovu chake. Zile nyingine, nne au zaidi kidogo, tunapewa na hewa.

Hewa huupinda mwanga. Mvuvi wa Kasensero, ufukweni mwa Ziwa Victoria, anayetazama mashariki alfajiri, akiliona jua zima limekaa juu ya mstari wa maji, anatazama kitu ambacho karibu chote bado kiko chini ya mstari huo. Miale imetoka kwenye jua, imeingia katika tabaka la hewa ikiwa imelala, ikapinda kidogo kidogo kufuata mviringo wa dunia mpaka ikamfikia jichoni. Jicho halina njia ya kujua kwamba mwale umepinda. Huliweka jua pale ambapo mwale unaonekana kutokea.

Sababu ya jambo hilo ndiyo sababu ya kijiti kuonekana kimevunjika ndani ya maji, ya miwani kusaidia macho, ya hadubini ya kituo cha afya kuonyesha kimelea cha malaria, na ya mtu wa Gulu kupata video kutoka ng'ambo kupitia uzi wa kioo. Nataka kuieleza bila haraka, kwa maana naamini wengi tuliipokea shuleni mbiombio. Tulikaririshwa kwamba mwanga ukitoka kwenye kitu chepesi kuingia kwenye kitu kizito hupinda kuelekea mstari wa wima, yaani ule unaosimama pembemraba juu ya mpaka wa vitu hivyo viwili. Kwa mtihani inatosha. Kwa kuelewa haitoshi, na kuna mahali ambapo si kweli, nitafika hapo.

Tuanze na bakuli. Weka ndani yake sarafu ya shilingi 200, ile yenye picha ya samaki. Rudi nyuma taratibu mpaka ukingo wa bakuli uifiche sarafu, kisha tulia hapohapo wakati mwenzako anamimina maji polepole bila kuisogeza. Sarafu inajitokeza. Kabla ya maji, miale iliyoweza kuvuka ukingo wa bakuli ilikuwa ikipita juu ya macho yako. Sasa miale hiyo, inapotoka majini kuingia hewani, inalala zaidi na kukufikia. Nawe unaiona sarafu mahali ambapo haipo, juu kidogo ya pale ilipo.

Ndiyo maana maji yote huonekana mafupi kuliko yalivyo. Ukitazama wima kutoka juu, kina unachokiona ni robo tatu tu ya kina halisi: bwawa la mita mbili linaonekana la mita moja na nusu. Ukitazama kwa mshazari kutoka kandokando, udanganyifu unazidi. Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Mtoto asiyejua kuogelea, amesimama kando ya bwawa la hoteli au ya ziwa lenye maji maangavu, akikisia kwa macho kwamba maji yatamfika kifuani, huenda yakamfunika kichwa. Kina cha maji hupimwa kwa fimbo au kwa mtu mzima aliyekwisha kuingia. Macho, hata yawe mazima namna gani, hayawezi kazi hiyo. Mwenye kuchoma samaki kwa mkuki hujifunza kulenga chini ya pale anapomwona, na majaribio yaliyofanywa kwa yangeyange yameonyesha kwamba ndege hao nao husahihisha shabaha yao kabla ya kudona.

Sasa tuulize kwa nini. Siku yenye upepo, simama ufukweni Entebbe uyatazame mawimbi. Kule mbali yanakuja kwa mshazari, yakifuata upepo. Yanapokaribia nchi kavu yanageuka, na yanapovunjika mistari yake imekaribia kulingana na ufuko wenyewe. Hayakusukumwa na mtu. Mawimbi hupunguza mwendo yafikapo kwenye maji mafupi, na wimbi lililokuja kwa mshazari lina upande mmoja unaofika huko kwanza. Upande huo unapunguza mwendo huku ule mwingine bado unakimbia kwenye kina, kwa hiyo mstari mzima wa wimbi unageuka. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanga, kwa sababu mwanga nao ni wimbi. Tofauti ni kwamba ufukweni kina hupungua pole pole, wakati uso wa kioo au wa maji ni mpaka mkali: wimbi la mwanga linageuka palepale mpakani, kisha linaendelea moja kwa moja kwa mwelekeo mpya.

Kiini cha habari yote ni mwendo. Katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa, mwanga hukimbia kilomita 299,792 kwa sekunde. Hewani unakwenda karibu hivyohivyo. Ndani ya maji unashuka mpaka kilomita 225,000 hivi, ndani ya kioo cha dirisha kama 200,000, ndani ya almasi kama 124,000. Mwanga ukiingia wima kabisa, pande zote za wimbi hupunguza mwendo kwa pamoja na hakuna kinachogeuka. Hili husahauliwa mara nyingi: mwendo hubadilika kila mara mwanga unapovuka mpaka, lakini ili mwanga upinde ni lazima uwe umekuja kwa mshazari. Idadi ya mitetemo kwa sekunde haibadiliki hata kidogo. Kinachopungua ni urefu wa wimbi. Nitauhitaji ukweli huo nikifika kwenye hadubini.

Ukigawa mwendo wa mwanga katika ombwe kwa mwendo wake ndani ya kitu fulani, unapata namba moja ambayo hapa nitaiita namba ya mpindo. Ya hewa ni 1.0003, ya maji 1.33, ya mafuta ya kupikia kama 1.47, ya kioo cha kawaida kama 1.5, ya almasi 2.42. Ukiwa na namba hizo na pembe ambayo mwanga umeingia nayo, unaweza kusema utatoka wapi, iwe kwenye tone la mvua au kwenye lenzi ya kamera.

Kuipata kanuni hiyo kuliwachukua wanadamu muda mrefu, na mtu wa kwanza tunayejua kwamba aliitafuta kwa vipimo ni mmoja ambaye jina lake lina uhusiano na nchi yetu. Klaudio Ptolemaio aliishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2, na ndiye aliyeandika kuhusu Milima ya Mwezi inayolisha Nile, ambayo wengi huihusisha na Rwenzori. Mtu huyohuyo alipima pembe za mwanga unaotoka hewani kuingia majini. Jedwali lake linasema kwamba mwale ulioinama nyuzi 10 kutoka kwenye wima, ukiingia majini, unabaki nyuzi 8. Wa 20 unabaki 15 na nusu. Wa 30, 22 na nusu. Na hivyo mpaka wa 60 unaobaki 40 na nusu, na wa 80 unaobaki 50. Ukizitazama namba hizo vizuri utaona kwamba kila ongezeko ni pungufu ya lililotangulia kwa nusu nyuzi kamili: 8, 7.5, 7, 6.5. Vipimo halisi havipangiki hivyo. Ni wazi kwamba Ptolemaio alikuwa na utaratibu fulani kichwani, akazilainisha namba zake ziufuate. Kwenye nyuzi 60 amepatia. Kwenye nyuzi 80 jibu sahihi ni karibu 47 na nusu, si 50. Hata hivyo namheshimu sana kwa kuona kwamba jambo hili linapaswa kupimwa.

Kanuni sahihi ilikuwa mikononi mwa Ibn Sahl huko Baghdad mnamo mwaka 984, aliyeitumia kubuni umbo la lenzi zinazokusanya miale mahali pamoja. Baada yake Ibn al-Haytham, akifanya kazi Kairo, aliandika kitabu kikubwa kuhusu kuona na mwanga kilichosomwa kwa karne nyingi. Ulaya, Mholanzi Willebrord Snellius aliifikia mwaka 1621, na René Descartes akaichapisha mwaka 1637. Ndiyo maana leo kanuni ile inabeba jina la Snellius, ingawa Ibn Sahl alimtangulia kwa zaidi ya miaka 600.

Inasema hivi. Chukua pembe ya mwale kutoka kwenye mstari wa wima, bonyeza kile kitufe cha kikokotoo kilichoandikwa sin, kisha zidisha jibu kwa namba ya mpindo ya mahali mwale ulipo. Zao hilo halibadiliki mwale unapovuka mpaka. Mfano: mwale unaokuja kwa nyuzi 45 hewani una 0.707. Majini zao lazima libaki 0.707, kwa hiyo gawa kwa 1.33 upate 0.53, nayo ni pembe ya nyuzi 32. Kwisha. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuisahihisha Aleksandria ya kale kwa dakika tano.

Kilichobaki kuwa ugomvi ni iwapo mwanga unapunguza mwendo au unaongeza. Isaac Newton aliuona mwanga kama chembe zinazovutwa na maji, hivyo kwake ulipaswa kukimbia zaidi ukiingia majini. Christiaan Huygens, aliyeutetea mwanga kama wimbi katika kitabu chake cha mwaka 1690, alisema unapunguza. Maelezo yote mawili yalitoa pembe ileile, kwa hiyo kupima pembe hakukuweza kuwaamua. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1850, Léon Foucault alipotumia kioo kinachozunguka kwa kasi huko Paris kulinganisha mwendo wa mwanga hewani na majini. Majini ulikuwa wa polepole.

Swali gumu zaidi ni kwa nini upunguze. Jibu linalosemwa sana ni kwamba mwanga unagongana na atomu, unamezwa, unatemwa, unagongana tena, na hivyo unachelewa njiani. Jibu hilo naliona lina madhara, kwa kuwa linaingia kichwani kirahisi. Kama mwanga ungekuwa unamezwa na kutemwa ovyo, ungetoka ukielekea pande zote, na dirisha lako lingekuwa jeupe kama maziwa. Kinachotokea ni kingine. Wimbi la mwanga ni mtetemo wa umeme na sumaku, nao huzitikisa elektroni zilizomo ndani ya kioo. Elektroni zinazotikisika hutoa mawimbi yao wenyewe, yenye mtetemo uleule, lakini yaliyochelewa kidogo. Wimbi la awali na mawimbi yote hayo madogo yanajumlika, na jumla yake ni wimbi moja ambalo vilele vyake vinasonga mbele polepole zaidi. Likitoka upande wa pili wa kioo, hakuna tena elektroni za kulichelewesha, kwa hiyo mwendo unarudi palepale ulipokuwa. Mwanga haukuchoka, na hakuna kilichouongezea nguvu.

Hapa ndipo ile sentensi ya shule kuhusu vitu vyepesi na vizito inapovunjika. Kinachoamua ni jinsi elektroni za kitu hicho zinavyoitikia mtikiso, na uzito si kipimo cha hilo. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya supu; lakini namba yake ya mpindo ni kubwa kuliko ya maji, na mwanga hupinda zaidi ndani yake. Mwalimu mwenye maabara anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo zuri sana kwa mafuta hayohayo. Tyubu nyingi za maabara zimetengenezwa kwa kioo kinachostahimili moto, ambacho namba yake nayo ni 1.47 hivi. Itumbukize ndani ya bilauri ya mafuta, uijaze mafuta hayohayo ndani, na tyubu inatoweka machoni. Bado ipo, ukigusa utaihisi. Ila mwanga unapita kutoka kwenye mafuta kuingia kwenye kioo bila kubadili mwendo, na usipobadili mwendo haupindi wala hauakisiwi, kwa hiyo jicho halina cha kushika.

Mpaka hapa nimeizungumzia namba ya mpindo kana kwamba ni moja kwa kila kitu. Kwa kweli inatofautiana kidogo kwa kila rangi: maji yana 1.331 kwa nyekundu na 1.343 kwa zambarau. Tofauti hiyo ndogo ndiyo upinde wa mvua. Mwanga huingia kwenye tone ukapinda, ukaakisiwa mgongoni mwa tone, ukapinda tena wakati wa kutoka. Wekundu unarudi kwa pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka upande ulio kinyume na jua, zambarau kwa nyuzi 40. Mwanzoni mwa karne ya 14 Kamal al-Din al-Farisi, huko Uajemi, alilichunguza jambo hili kwa tufe la kioo lililojazwa maji, akilitumia kama tone kubwa la mvua. Kwetu nyuzi hizo 42 zina matokeo ambayo watu wa nchi za kaskazini hawayajui sana. Jua la Ikweta hupanda juu mno, na likipita nyuzi 42 upinde wote unakuwa chini ya upeo wa macho. Mtu aliyesimama tambarare Kampala, kuanzia saa nne hivi ya asubuhi mpaka saa kumi hivi ya alasiri, hawezi kuuona angani hata mvua inyeshe jua likiwaka. Ila akisimama juu ya Maporomoko ya Murchison, ambako Nile inajibana kwenye mwanya wa mita saba hivi kabla ya kuanguka, matone ya maji yako chini yake, na upinde anaweza kuuona chini yake wakati jua liko juu.

Mazigazi ya barabarani ni kanuni ileile ikifanya kazi kinyumenyume. Mchana wa kiangazi, ukisafiri kwenda Moroto, unaona lami iliyo mbele imelowa maji. Hewa iliyogusa lami ni ya moto na imetawanyika, kwa hiyo mwanga unakimbia ndani yake zaidi kidogo kuliko ndani ya hewa iliyo juu. Upande wa chini wa wimbi unautangulia wa juu, wimbi linageuka kuelekea juu, na kile unachodhani ni maji ni kipande cha anga. Tofauti ya mwendo ni ndogo mno, ndiyo maana miale inayoweza kugeuzwa hivyo ni ile iliyolala karibu kabisa na lami, chini ya nyuzi moja. Kwa hiyo maji hayo hukaa mbali, mita mia na zaidi mbele ya macho yako, na ukisogea nayo yanasogea.

Turudi majini, safari hii tukitazama kutoka chini. Mwale unaotoka majini kwenda hewani hulala zaidi kuliko ulivyokuwa. Ukiwa umeinama nyuzi 30 ndani ya maji, hewani unakuwa karibu 42. Ongeza pembe hiyo, na kabla hujafika mbali mwale wa nje utakuwa umelala juu ya uso wa maji wenyewe. Pembe ya ukomo kwa maji ni nyuzi 48.6. Ukizidi hapo, mwale hautoki kabisa: wote unaakisiwa kurudi ndani, na hakuna kioo cha kujitazama kinachoakisi vizuri kama hivyo. Ngege aliye ndani ya maji tulivu ya Ziwa Victoria anauona ulimwengu wote wa juu, tangu mawingu mpaka mtumbwi na miti ya ufukweni, umesongamana ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97. Nje ya duara hilo uso wa maji unamwonyesha taswira ya yale yaliyomo ziwani. Almasi humetameta kwa sababu hiyohiyo: pembe yake ya ukomo ni nyuzi 24 tu, kwa hiyo mwanga ulioingia huzunguka ndani mara kadhaa kabla ya kupata pa kutokea.

Na hapo ndipo ilipo intaneti ya Uganda. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba wenye kiini kilichofunikwa na kioo kingine chenye namba ya mpindo ndogo kidogo. Mwanga unaoingia kwenye kiini ukiwa umelala unakuta pembe ya ukomo imezidiwa kila unapofika pembeni, kwa hiyo unarudishwa ndani, tena na tena, kwa mamia ya kilomita. Kwa miaka mingi kioo kilikuwa kikiumeza mwanga mapema mno. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Uingereza, alionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa uchafu ndani ya kioo, na kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kazi inawezekana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kioo cha faiba cha leo ni safi kiasi kwamba baada ya kilomita 50 sehemu moja kwa kumi ya mwanga bado ipo.

Mwaka huohuo wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na kwa nchi kama yetu isiyo na pwani hilo lilikuwa badiliko kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Ishara ya kwenda kwenye setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya Ikweta na kurudi ardhini huchukua karibu robo ya sekunde. Ndani ya faiba mwanga ni wa polepole, kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini kutoka Kampala hadi Mombasa ni kilomita 1,200 hivi tu: ukigawa sekunde moja mafungu elfu, ni mafungu sita tu. Anayepiga simu ya video kwa ndugu yake aliye Dubai anaihisi tofauti hiyo, kwa sababu wanaweza kuzungumza bila kukatizana.

Kuna kazi nyingine ya mwanga kupinda ambayo naithamini kuliko zote. Katika kituo cha afya, mgonjwa mwenye homa anatolewa tone la damu, linapakwa kwenye slaidi, linatiwa rangi ya Giemsa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama mikroni 7 (mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu), na kimelea kichanga cha malaria kilichomo ndani yake, kile chenye umbo la pete, huwa mikroni 1 au 2. Kukiona, fundi wa maabara anaweka tone la mafuta maalumu juu ya slaidi, kisha anashusha lenzi ya mara 100 mpaka iguse mafuta hayo. Asiyejua atadhani ni uchafu, ila mafuta hayo yana namba ya mpindo ya 1.515, sawa na ya kioo. Pasipo mafuta kuna hewa katikati, na miale iliyoinama sana, ambayo ndiyo inayobeba habari za vitu vidogo kabisa, inapinda nje au inaakisiwa kurudi, lenzi haiipati. Mafuta yakiwepo, slaidi na lenzi vinakuwa kama kipande kimoja cha kioo na miale hiyo inapita bila kugeuzwa. Tena urefu wa wimbi unakuwa mfupi ndani ya mafuta, na wimbi fupi huchora vitu vidogo kwa ukali zaidi. Kwa njia hiyo hadubini ya kawaida inafikia kutenganisha vitu vilivyoachana kwa robo ya mikroni hivi. Fundi mwangalifu huhakikisha mafuta hayagusi lenzi ya mara 40, ambayo imeundwa kutazama kupitia hewa, na hufuta ile ya mara 100 kwa karatasi laini kila amalizapo. Mafuta yakikauka juu ya lenzi, picha inakuwa na ukungu, na kimelea kinaweza kupita bila kuonekana.

Jicho lenyewe linaishi kwa kanuni hii. Watu hudhani lenzi iliyo ndani ya jicho ndiyo inayofanya kazi kubwa, kumbe karibu theluthi mbili za mpindo zinafanyika kwenye konea, ule utando angavu wa mbele, kwa kuwa hapo mwanga unatoka hewani kuingia kwenye kitu chenye namba ya 1.38 hivi. Fumbua macho ndani ya maji na kazi hiyo inakaribia kufutika, kwani 1.33 na 1.38 zimekaribiana, ndiyo maana kila kitu kinakuwa na ukungu mpaka uvae miwani ya kuogelea inayorudisha hewa mbele ya konea. Samaki, asiye na hewa hiyo, amepewa lenzi ya mviringo kama gololi. Kwetu sisi, lenzi ya ndani ina kazi ya kurekebisha: hunenepa tukitazama karibu, hupungua tukitazama mbali. Tukipita miaka 40 hivi inaanza kuwa ngumu, na mtu anajikuta anasogeza gazeti mbali ili herufi zitulie.

Miwani ya kusomea inaongeza mpindo ambao lenzi imeshindwa kuutoa. Namba iliyoandikwa kwenye mkono wake, +1, +2 au +2.5, ni diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi kinachopatikana kwa kugawa 1 kwa umbali, kwa mita, ambapo lenzi inakusanya mwanga, na maana yake unaweza kuikagua mwenyewe kabla ya kulipa sokoni. Shika miwani juu ya karatasi iliyotandazwa chini juani, lenzi ikilielekea jua, uisogeze juu na chini mpaka doa la mwanga liwe dogo kabisa. Usitazame jua kupitia lenzi, na usikawie hapo karatasi isije ikaungua. Pima umbali kutoka lenzi hadi karatasi. Ukiwa nusu mita, miwani ni +2, kwa kuwa 1 kugawa kwa 0.5 ni 2. Sentimita 40 ni +2.5, sentimita 33 ni +3, mita nzima ni +1. Kagua lenzi zote mbili: zikitoa umbali tofauti ilhali namba iliyoandikwa ni moja, chukua nyingine. Na kama doa halikusanyiki kwa umbali wowote, hiyo ni miwani ya mtu asiyeona mbali, yenye alama ya kutoa, ambayo huitawanya miale badala ya kuikusanya. Hiyo haiwezi kumsaidia mtu anayetafuta miwani ya kusomea.